Meneja Hakojoi

Jumatatu, 1 Julai 2024

Nimeamka na wazo. Esperansia aliligundua kabla sijafungua mdomo. Alinitazama nikinywa chai, akauliza safari hii ataumia nani. Nikamaliza chai. Mke wa mtu mwenye mawazo ana kazi ngumu, namhurumia.

Shida ni biashara. Nauza Neema ya Mgomba. Kwa lugha ya kawaida ni mkojo wa ng'ombe, ila neno hilo siliandiki kwenye dumu. Unateremka kwenye mfereji wa banda, unaingia kwenye pipa, unakaa humo mpaka uive. Kisha watu wa Ntobeye wananunua, wanamwagia migomba, wananyunyizia mboga ili wadudu wahame. Mzalishaji ni mmoja tu, maksai wangu. Jina lake Meneja. Nilimnunua kwa Mzee Bulugu, Msukuma wa Nyantakara kule Biharamulo, angali ndama mdogo lakini tayari amehasiwa. Leo amenenepa mpaka mlango wa banda anaupita kwa kujipinda.

Sasa malalamiko. Jana baada ya misa Bernadetha alinishika mkono mbele ya watu, akasema mzigo wangu ni mwepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Viwavi wa kabichi zake wanauogelea tu. Thobias alikuwa karibu, akacheka. Thobias ni jirani yangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na mstari wa migomba tu, na tangu tukiwa darasa moja hakuna shida yangu iliyompita bila kuicheka.

Kwa hiyo jibu ni mkojo mzito. Na mkojo mzito unatoka kwa ng'ombe anayekunywa maji kidogo. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria. Meneja alikuwa anakunywa madumu kwa madumu, na madumu hayo nayapandisha mimi kutoka kisimani, nikisukuma baiskeli mlima wote ule, kiangazi hiki. Kuanzia leo anapata ndoo moja asubuhi, basi. Majani nimepunguza, maana yana maji. Pumba za mahindi nimeongeza. Amekuwa akizila tangu Pasaka na hajawahi kulalamika.

Bidhaa itakuwa nzito, na magoti yangu yatapumzika. Sijui kwa nini sikuwa mfanyabiashara mkubwa tangu zamani.

Jumatano, 3 Julai

Imefaulu. Kilichoingia kwenye pipa leo kina rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Harufu yake imewahamisha kuku wa Esperansia mpaka upande wa pili wa nyumba. Sikungoja kiive. Nimempelekea Bernadetha dumu moja, nikamwambia hili ni toleo jipya, asilizimue na maji hata tone.

Jioni nilikaa nje nikisikiliza redio. Sikwenda kisimani. Maisha mazuri.

Ijumaa, 5 Julai

Mambo mawili, moja dogo, moja kubwa.

Dogo: kabichi za Bernadetha zimeungua. Majani yamekuwa kama karatasi iliyopita karibu na moto. Alikuja nayo mkononi. Nilimwonyesha kwamba viwavi nao wamekufa wote, kwa hiyo dawa imefanya kazi. Hakufurahi. Kuna wateja huwezi kuwaridhisha.

Kubwa: naibiwa. Pipa halijapanda tangu juzi. Nilikagua mfereji, haujaziba. Nilikagua pipa, halivuji. Sakafu ya banda imekauka kabisa, unaweza kuanikia maharage. Meneja anakula, Meneja anakunywa ndoo yake, na pipa liko vilevile. Anayelala karibu na pipa langu ni mmoja tu, na migomba yake ya mpakani imekuwa ya kijani sana siku hizi. Jina lake nimekwisha kulitaja.

Esperansia anasema huenda ng'ombe hakojoi. Nilimweleza kwa upole kwamba ndoo moja inaingia, kwa hiyo ndoo moja lazima itoke. Akauliza kama mimi hutoa kila ninachokunywa kwa Thobias. Nikaenda kukagua pipa tena.

Meneja mwenyewe yuko vizuri. Ameanza tabia ya kujinyoosha. Anasogeza miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, anakunja mgongo kama upinde, anakaa hivyo muda mrefu akitafakari. Bosi kamili.

Jumamosi, 6 Julai

Nilimwaga majivu kuzunguka pipa usiku uliopita ili kupata nyayo. Asubuhi nimekuta nyayo za kuku na zangu mwenyewe, nilipokwenda kuangalia kama kuna nyayo. Thobias ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nzi wamezidi bandani. Meneja anapandisha mkia na kuushusha, anautikisa, na mara mojamoja anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Nimemfukizia moshi wa majani makavu. Ameendelea kupiga. Nzi wa kiangazi ni wabishi.

Jumapili, 7 Julai

Siku mbaya, lakini iliisha na kinywaji.

Sikwenda misa ya kwanza. Nilimwambia Esperansia kichwa kinauma. Alipotoka tu nikajibanza kwenye migomba karibu na pipa, nikangoja. Kulikuwa kumeanza kupambazuka vizuri. Na kweli, Thobias akatokea kwenye njia ya mpakani, kavaa suruali yake ya kanisani, kashika ndoo yenye mfuniko. Ndoo ilikuwa nzito, maana alikuwa ameinama upande mmoja.

Nikaruka kutoka migombani. Nikamwambia leo nimekushika, weka chini. Akaweka chini. Nikafunua. Ndani mlikuwa na maji ya njano yenye povu.

Nikasema hiyo ni mali yangu. Nilisema kwa sauti, na hilo nalijutia, kwa sababu akina mama wa jumuiya walikuwa nyuma yake njiani, kumbe wanatembea pamoja, Bernadetha akiwa mbele na mke wangu katikati. Thobias hakukasirika. Akanisogezea ndoo, akasema, "Baba Diana, kama ni mali yako, onja."

Mtu mwenye uhakika haogopi kuonja. Nikachovya kidole.

Ilikuwa juisi ya ndizi. Aliikamua jana kwa ajili ya jumuiya, baada ya misa wanywe pamoja kwa kuwa ni sikukuu. Ilikuwa nzuri sana, ndizi zilizoiva sawasawa, haina uchachu. Nikasema hivyo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka na kicheko kikapita kwa wote kama moto wa majani. Thobias akauliza kwa hiyo nilidhani amebeba nini. Nikajilamba kidole. Esperansia akamwambia. Wakacheka upya.

Alinipa kikombe. Nilikunywa, nikaongezewa. Si ushahidi kwamba haibi. Mwizi anaweza pia kukamua juisi.

Jumatatu, 8 Julai

Meneja amekataa pumba. Sijawahi kuona hilo. Nilimwekea mbele ya pua, akageuza uso. Analala, anainuka, analala tena. Anajitazama ubavuni kama mtu aliyesikia kitu kikigonga ndani. Anasaga meno. Anajikaza mpaka macho yanatoka, na hakuna kinachotokea.

Nilijua mara moja. Amefunga choo. Nikachukua mafuta ya kupikia ya Esperansia, chupa nzima, nikamnywesha. Nusu iliingia kwa Meneja, nusu kwenye shati langu.

Esperansia aliposikia kuhusu mafuta aliacha kupika, na hiyo ndiyo dalili mbaya kwake. Alichukua kigoda, akakaa mbele ya banda tangu mchana, akichambua maharage na kumtazama ng'ombe. Jioni akaniita. Akasema kinyesi kimetoka, laini, hakina tatizo. Lakini kila Meneja anapojikaza, chini ya tumbo linadondoka tone moja. Kisha anatetemeka mkia. Kisha tone lingine, lenye wekundu. Kisha basi.

Akasema, "Juvenali, huyu mnyama anataka kukojoa na hawezi. Hakuna mtu aliyekuibia."

Nilimwambia nitalifikiria kesho. Yeye alikwisha kubeba ndoo ya maji na kumwekea. Meneja aliramba juu tu, akaacha.

Jumanne, 9 Julai

Naandika nimechoka, mikono inanuka dawa. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Meneja alikuwa amesimama kwenye kona, kichwa kimeinama, akilia kwa sauti ya chini kila alipopumua. Nilimpigia simu Mzee Bulugu. Lengo langu lilikuwa kumlalamikia kwamba aliniuzia ng'ombe mbovu, labda anibadilishie. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto, na mimi muda wote naangalia salio la simu. Nilipofika kwenye malalamiko aliuliza swali moja tu. "Anakojoa?"

Nikasema matone.

Akanituma niende nikaangalie nywele zilizo kwenye ncha ya uume, simu nikiwa nayo sikioni. Nikapiga magoti. Nywele zilikuwa kavu, na zimeshika chembe nyeupe kama mchanga au chumvi. Nikamweleza. Mzee Bulugu akasema aliwahi kuona hivyo kwa ng'ombe wa mtu mwingine, aliyekuwa anafungiwa ndani na kulishwa pumba. Ni mawe yameziba njia. Yeye hajui kutibu, na yule wa mtu mwingine alikufa tumbo limejaa maji. Akaniambia nisimpe kitu kingine chochote, nimwite daktari wa mifugo sasa hivi, si baada ya chai.

Sikunywa chai.

Dokta Francisca alikuja kwa pikipiki kutoka wilayani, binti mwembamba mwenye buti ndefu na begi kubwa kuliko yeye. Akaniamkia kwa heshima, akanawa, akavaa glovu ya mpaka begani, akaingiza mkono wote nyuma ya Meneja. Akatulia kama anasikiliza. Akasema kibofu kimejaa, kimekaza kama mpira wa miguu, lakini bado hakijapasuka. Tuna bahati. Akauliza analishwa nini. Nikasema chakula bora. Esperansia akasema pumba, tangu Pasaka, majani kiduchu, na wiki hii ndoo moja ya maji kwa siku. Dokta akanitazama. Nikatazama paa.

Akatueleza huku anatayarisha sindano. Pumba nyingi bila majani ya kutosha huacha chembe kwenye mkojo. Ng'ombe akinywa maji mengi, chembe zinasukumwa nje. Akinyimwa, zinashikana, zinakuwa mawe. Jike hapati shida sana, njia yake ni fupi na pana. Dume njia yake ni ndefu, nyembamba, inajikunja katikati, na jiwe likifika kwenye kona linakwama. Aliyehasiwa akiwa mdogo sana njia hubaki nyembamba zaidi. Mateke ya tumboni hayakuwa ya nzi. Kujinyoosha hakukuwa kutafakari. Nilitaka kuuliza kuhusu mafuta ya kupikia, nikaona si wakati wake.

Kisha akanipa njia mbili. Kuchinja leo, kabla kibofu hakijapasuka, nyama ipimwe, huenda ikafaa. Au kumpasua, kumfungulia njia mpya chini ya mkia, na hapo hakuna ahadi. Kikipasuka tukiwa tunabishana, basi hata mbwa hawatapewa.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Watu walisimama kwenye uzio, na baadhi yao walikuja na mabeseni. Nilimwangalia Meneja. Naye aliniangalia, kwa namna ile anavyoniangalia nikija na ndoo. Nikamfuta pua kwa shati langu. Ilikuwa na vumbi la pumba.

Nikasema apasuliwe. Nikaeleza kwamba ni uamuzi wa kibiashara. Esperansia akasema ndiyo, tunajua, akanishika bega.

Ilihitajika mikono. Wenye mabeseni walirudi makwao. Aliyevuka mpaka na kamba begani bila kuitwa ni Thobias. Hakunitazama usoni, alimuuliza Dokta asimame wapi. Dokta akamweka nyuma, ashike mkia na kuuvuta pembeni. Mimi nikawekwa kichwani. Esperansia alileta maji ya moto na sabuni. Dokta akanyoa, akaosha, akachoma sindano ya ganzi kwenye shina la mkia mpaka mkia ukalegea kama kamba iliyolowa. Kisha akachukua kisu.

Sikutazama. Nilikuwa naongea na Meneja sikioni. Nilimwahidi mambo mengi, mengine yako nje ya uwezo wangu. Nilisikia Dokta akisema shika hapo, vuta taratibu, nimelipata. Nilisikia kitu kidogo kikidondoka kwenye sahani ya bati. Kisha Dokta akasema kwa haraka, "Baba, sogea pembeni," na alikuwa anamwambia Thobias, na Thobias hakuwahi.

Ulitoka kwa nguvu ya bomba lililopasuka. Kwanza mwekundu, kisha wa rangi ya chai, kisha wa kawaida, haukatiki. Thobias alilowa kuanzia kifuani mpaka viatuni, na mkia hakuuachia. Meneja alishusha pumzi ndefu iliyonipiga usoni. Tukasimama wote tukisikiliza sauti ile. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo, na nimeimba kwaya miaka mingi.

Ulipokatika, Thobias alijifuta uso kwa kiwiko. Akasema, "Baba Diana, mkojo wako niliokuibia, leo nimeupata wote."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Dokta naye, akishona, mabega yalimtikisika. Nilimpa Thobias suruali yangu bora. Ni fupi kwake.

Alhamisi, 11 Julai

Meneja anakula majani. Amekunywa maji mpaka ndoo ikalia. Nimekwenda kisimani asubuhi, mchana na jioni. Magoti yanauma, nimeyapuuza.

Sasa anakojoa kwa nyuma, kama jike. Watu wanakuja kuona. Shida ni kwamba mkojo unamrukia mapajani, na Dokta alisema ngozi itaungua tusipoipaka mafuta mazito. Nimetumia mafuta ya kujipaka ya Esperansia. Ameuliza kwa nini siku hizi kila mafuta ya nyumba hii yanaishia kwa ng'ombe. Ni swali la haki. Meneja ananukia vizuri.

Bernadetha naye amepita. Aliuliza hali ya mgonjwa, akaacha mzigo wa majani ya matete. Hakutaja kabichi. Nikamwahidi kumlipa fidia kwa Neema ya Mgomba, akasema hapana kwa haraka.

Ijumaa, 19 Julai

Nimerudi kutoka Biharamulo. Sikusema mapema nilichokwenda kufanya, nikihofia kitabu hiki kuangukia mikononi mwa watu.

Lile jiwe. Dokta aliniachia, dogo kama punje ya mahindi. Nililiosha. Juani lina mng'ao wa njano. Sasa fikiria. Meneja kazaliwa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, na Biharamulo watu wanachimba dhahabu. Ndama anakula majani ya ardhi yenye dhahabu. Dhahabu inakwenda wapi? Nililifunga kwenye kitambaa, nikalifunga tena kwenye soksi, nikapanda gari.

Mnunuzi wa dhahabu alilitazama kwa kioo, akalikwangua, akaliuma. Akauliza limetoka shimo lipi. Mimi si mwongo. Nikamwambia.

Alitema mate kwa muda mrefu. Alikwenda nje akasukutua, akarudi, akasukutua tena. Kisha akanionyesha mlango, ingawa nilikuwa nauona.

Kwa kuwa nilikuwa upande huo, nilipita Nyantakara kumsalimu Mzee Bulugu na kumshukuru. Ng'ombe wake walikuwa wanarudi kutoka mtoni, kundi refu, na kila baada ya hatua chache mmoja anasimama na kukojoa bila wasiwasi wowote. Niliwaonea wivu. Nikamsimulia habari ya mnunuzi. Mzee alijifuta machozi kwa ncha ya shuka, akamwita mkewe nisimulie upya. Nimekula ugali na maziwa ya mgando mpaka nikashindwa kuinuka. Amenipa kamba mpya ya Meneja. Ilikuwa safari nzuri, ukiondoa sababu yake.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya misa Thobias alinirudishia suruali, imefuliwa na kupigwa pasi. Tumekaa kwake tukinywa juisi ya ndizi. Alisimulia siku ile mbele ya wageni wake, na mimi nikamsahihisha pale alipopunguza chumvi. Mke wake anasema siku hizi tunacheka kama watoto wa shule.

Naamini bado kwamba migomba yake ya mpakani ni ya kijani kupita kiasi. Lakini sitafuatilia.

Jumamosi, 3 Agosti

Dokta Francisca alikuja kumwona mgonjwa. Kidonda kimepona vizuri. Alisema tumwangalie, maana tundu linaweza kusinyaa baada ya miezi, tukiona anaanza kukojoa kwa shida tumwite bila kungoja. Hakuna kufungia tena bandani na pumba. Majani kwa wingi, pumba kidogo tu, jiwe la madini la kulamba, na maji muda wote, kadiri anavyotaka. Na kwenye zile pumba kidogo nimchanganyie chumvi, kiganja kimoja. Nikauliza kwa nini chumvi. Akasema chumvi itamtia kiu, atakunywa zaidi, atakojoa zaidi, na njia itakuwa safi.

Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilimshukuru kwa moyo wote. Akaniambia, "Mzee Juvenali, tafadhali, usibuni kitu." Nikamwahidi.

Alasiri nilikaa mbele ya banda. Upepo ulikuwa mzuri. Meneja alikuwa anacheua, macho nusu yamefumba, na Esperansia anaimba jikoni. Nikawa naliwaza neno lile. Atakojoa zaidi.

Dokta ni msomi, sina ubishi naye. Lakini ni kijana, na vijana wa siku hizi wanaogopa kufikiri kwa ukubwa. Kama kiganja kimoja cha chumvi kinaleta mkojo zaidi, basi beseni la chumvi litaleta pipa. Debe litaleta mapipa. Nimeona biashara yote mbele ya macho yangu, kuanzia Ntobeye mpaka Bukiriro, madumu yamepangwa kandokando ya barabara. Hii haiwezi kuitwa kubuni. Ni maelekezo yake mwenyewe, yamekuzwa tu.

Nimeagiza gunia la chumvi kutoka mjini Ngara. Limefika kabla ya giza. Esperansia amelikuta mlangoni, akauliza kama tunafungua duka la samaki. Kisha amelikalia, na mpaka sasa ninapoandika hajainuka.

Atainuka tu, kesho kuna misa. Mimi nimelala na furaha. Mpango umekamilika pande zote, isipokuwa nani atapandisha maji, na hilo ni jambo dogo, nitaliangalia baadaye.